Wakuu, niache kazi bandarini nikacheze polo ya majini Hungaria?

MtuPwani: Habari za asubuhi wakuu. Nina miaka 26, naishi Temeke, nipo kampuni ya forodha bandarini. Sekondari nilisoma Cape Town kwa ufadhili, huko ndiko nilikojifunza polo ya majini, ule mchezo wa timu mbili kuogelea na kurusha mpira golini kwa mkono, nadaka goli. Klabu moja ya Hungaria imeona video zangu, wananiita Septemba. Ndoto yangu ni Olimpiki. Kwa sasa najifua peke yangu kwenye bwawa la hoteli, maji ya kiunoni. Usingizi sipati. Niende? Matusi sitaki.

Kondakta Mstaafu: Polo si ile ya farasi? Farasi nao wanaogelea?

Shangazi wa Sinza: Nenda mwanangu. Mimi 1998 nilipata kazi ya uuguzi Oman, mama akalia, nikabaki. Leo nauza vitenge, na mama huyo huyo ndiye anayeniuliza mbona sikwenda.

Jicho Kavu: Mshahara umeuruka.

MtuPwani: Tutaongea nikifika. Kwa kuanzia ni kitanda na chakula, nauli juu yangu. Msimu mmoja tu nikionekana, mambo yatakaa sawa.

Jicho Kavu: Na nyumbani wanasemaje?

MtuPwani: Hilo halihusiani.

Jicho Kavu: Umeoa?

MtuPwani: Nimeoa. Ana mimba ya miezi saba. Sijamwambia, sitaki presha impande. Na barua ya kuacha kazi nilishapeleka Ijumaa, kwa hiyo barua tusiijadili.

Shangazi wa Sinza: Astaghfirullah! Nilichosema pale juu nimekifuta. Mwambie mkeo leo hii, kabla hajasikia kwa jirani.

Mzee wa Upanga: Kijana, Hungaria wanaume wao wana dhahabu 9 za Olimpiki kwenye mchezo huo. Jirani zao Serbia wamebeba 2016, Tokyo na Paris. Huko watoto wanalelewa bwawani. Wamekosa nini hadi wamfuate kipa wa Temeke?

MtuPwani: Mzee, hata Afrika Kusini walifika Tokyo, wanaume na wanawake. Mnavunja watu moyo sana humu.

Dogo Forodhani: Hii chai, tena ya tangawizi. Leteni vitafunwa.

Jicho Kavu: Ngoja nimpime. Mechi ni robo nne za dakika nane. Kipa anakaaje juu ya maji muda wote huo?

MtuPwani: Kwa miguu. Inazunguka kwa zamu, wa kulia huku, wa kushoto kule, mikono ibaki huru. Robo ya tatu nyonga zinawaka moto.

Jicho Kavu: Sawa. Na kwenye maji ya kiunoni unaizungushaje bila kugusa sakafu?

MtuPwani: Nakunja magoti.

Kondakta Mstaafu: 😂😂😂 Jamani mbavu zangu!

Dogo Forodhani: Chai au si chai, mkuu, hiyo nafasi yako bandarini imeshapata mtu? Nina diploma ya ugavi, nipo tayari hata Jumatatu.