Kujitia nguvu katika Bwana wakati wa msongo: tupeane uzoefu wa namna inavyofanyika

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ndugu zangu wa Tumsifu Yesu Kristo, nawasalimu pia.

"Mtumaini Mungu, yatapita" tunaambiana kila siku, na ni kweli. Lakini mtu mwenye ada ya mtoto, kodi ya nyumba na mgonjwa wodini kwa mpigo anataka kujua akishtuka saa tisa usiku afanye nini hasa. Tuandike hatua, muda, mistari, na pale watu wanapokwama. Visa vya maisha yetu tuviache kwanza, ili anayesoma apate cha kushika haraka.

Naanza na 1 Samweli 30. Mstari wa 6 unasema Daudi alijitia nguvu katika Bwana, Mungu wake, na wengi huishia hapo. Soma kuanzia juu. Siklagi, mji alimokaa, imechomwa moto, wake na watoto wametekwa na Waamaleki, na watu wake mwenyewe wanasema wampige mawe. Mstari wa 4: walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kwa hiyo kilio kilitangulia, na Mungu hakukikemea. Baada ya kujitia nguvu, Daudi akamwita Abiathari kuhani alete naivera (vazi la kikuhani la kumwulizia Mungu), akamwuliza Mungu swali moja la wazi: niwafuate, nitawapata? Hakuomba mambo kumi kwa pamoja. Kisha akaondoka na watu 400. Wale 200 waliochoka wakabaki kijito Besori, na baadaye wakapewa mgawo sawa na waliopigana. Njiani wakamkuta kijana Mmisri ambaye siku tatu hajala wala kunywa. Wakampa mkate, maji, tini na vichala viwili vya zabibu, na huyo ndiye aliyewafikisha kwa adui. Mtu mwenye msongo akifuata mpangilio huo, kulia, kuuliza jambo moja, kuondoka alipo, kumjali mwingine njiani, anakuwa na pa kuanzia.

Dada Kwaya

Mimi nishike shukrani, maana hapo ndipo watu wanakata tamaa mapema. Kosa kubwa ni kushukuru kwa jumla. "Asante Mungu kwa uhai, afya na kila kitu" ukiisema siku tatu mfululizo, ulimi unasema na moyo uko kwingine. Shukrani inayotia nguvu ina jina, saa na mahali. Linganisha na hii: "Leo mwenye nyumba amekubali nusu ya kodi, nyingine tarehe 5. Hakunifokea mbele ya watoto." Ukirudia kuisoma hiyo wiki ijayo unaona kabisa mkono wa Mungu ulipita wapi.

Daftari dogo la shule linatosha. Andika mambo matatu, sentensi mbilimbili: kilichotokea, na kimetoka kwa nani au kupitia nani. Dakika saba. Fanya kabla hujashika simu kitandani, la sivyo hutafanya. Ukiona mambo yanajirudia, punguza siku badala ya kuacha. Robert Emmons na Michael McCullough, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2003 jaribio ambalo kundi moja liliandika mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Hao walikuwa na mtazamo mzuri wa maisha kuliko walioorodhesha kero zao. Mara moja kwa wiki inatosha kuanzia.

Siku ambayo huoni kitu kabisa, chukua Zaburi 136. Mistari 26, na kila mmoja unaitikia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Soma mtindo huo: taja tukio lako, itikia, taja lingine, itikia. Jumatatu nilipata nauli, kwa maana fadhili zake ni za milele. Kwa sauti, tafadhali.

Mwinjilisti wa Mtaa

Dada umesema vema. Naongeza onyo: usimlazimishe mfiwa kushukuru msibani, wala usijilazimishe mwenyewe. Maandiko yametupa maombolezo kwa kazi hiyo. Zaburi 13 ni fupi, mistari 6 tu. Wa 1 na wa 2 ni malalamiko, "hata lini" imetajwa mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini na wimbo. Chukua karatasi, andika "hata lini" zako nne bila kuzipamba, ombi moja, kisha sentensi moja ya jambo ambalo Mungu alikutendea zamani. Hiyo ya mwisho ikigoma, iache. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia.

Lingine: ukiwa na hofu usiweke nadhiri ya pesa, hata mhubiri akikazana vipi. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke kuliko kuiweka usiiondoe. Watu wengi wamejiongezea deni juu ya msongo kwa njia hiyo, halafu wanaanza kumkwepa Mungu kama mdai.

Mzee wa Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki kuna sala ya kuichunguza siku, aliyotuachia Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Hatua tano: shukuru, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, panga kesho. Robo saa inatosha. Watu hukosea kwa kurukia ya nne, wakajichapa kwa dhambi zao mpaka usingizi ukapaa. Shukrani imewekwa mwanzo kwa makusudi, ili uzione dhambi zako ukiwa umekaa na Mungu anayekupenda.

Inyasi pia alifundisha kwamba roho ikiwa na ukavu na huzuni, ukimwona Mungu yuko mbali, usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Barua ya kuacha kazi, kuvunja uchumba, kuuza kiwanja: vyote visubiri. Wakati huo ongeza sala kidogo, hata dakika tano zaidi ya kawaida yako.

Muuguzi wa Zamu

Wapendwa, mwili tusiusahau. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Mazungumzo marefu na Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu.

Kwa yule wa saa tisa usiku: usiangalie saa, usiwashe simu. Keti, miguu sakafuni. Vuta pumzi polepole kwa hesabu ya nne ukisema moyoni "Bwana ndiye mchungaji wangu", itoe kwa hesabu ya sita, "sitapungukiwa na kitu". Dakika tano. Kizunguzungu kikija unavuta kwa nguvu mno, legeza. Mawazo yakirudi, andika kila moja kwa maneno machache na siku utakayolishughulikia, ufunge karatasi.

Kufunga: mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, au aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, ARV au presha asifunge chakula bila kuongea na mtoa huduma wake. Na dawa usiziache kwa sababu umeombewa.

Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu vikifika wiki mbili, nenda hospitali. Sonona inatibika, na kutibiwa si upungufu wa imani. Mtu akisema anataka kufa, usimhubirie na kuondoka. Kaa naye, toa sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge nyumbani, umpeleke siku hiyohiyo.

Msomaji

Shikamooni. Na anayeishi chumba kimoja na familia nzima, hiyo ya kuomba kwa sauti anaifanyaje?

Dada Kwaya

Marahaba mwanangu. Anong'one akiwa anafua au anachota maji, au atembee nje dakika kumi kabla ya watu kuamka, kama ni salama. Makanisa mengi hayafungwi mchana, aulize mlinzi au katekista. Daftari aandike kwa vifupisho ili asiogope kusomwa, maana ukiogopa kusomwa utaandika uongo. Na watoto awaombe jioni kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru. Mdogo akisema "chapati", ipokee hivyohivyo, usimsahihishe.