Tuta la maua kugusana na ukuta wa nyumba: niache nafasi kiasi gani?

Ua_la_Mbele:
Wakuu, nataka tuta la maua mbele ya nyumba, urefu mita 8, upana sm 80, lianzie ukutani kabisa. Mpango ni kujenga kozi mbili za tofali upande wa mbele, ukuta wa nyumba uwe ndio mgongo wa tuta, halafu nijaze udongo na samadi hadi kimo cha sm 25. Sakafu ya ndani iko sm 30 juu ya ardhi. Paa limetoka nje sm 60 na halina gata. Kuna ubaya? Na nipande nini kisichopasua msingi?

Fundi_Levo:
Mkuu, unaogopa mizizi, lakini kitakachokuumiza kwanza ni huo udongo.

Juu ya msingi kuna ile nailoni ya DPC inayozuia unyevu wa ardhini usipande ukutani. Ukijaza udongo kwa nje ukaipita, umeshairuka: maji yanaingia ukutani yakiwa tayari juu ya kizuizi. Ndani utaona rangi inavimba, unga mweupe wa chumvi unatokeza, lipu inamong'onyoka ukiigusa. Watu wengi hapo hukimbilia kupaka rangi ya mafuta ili kuficha. Rangi hiyo inafungia maji ukutani, nayo yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Uso wa tuta ubaki sm 15 chini ya DPC, na hiyo ni baada ya samadi na matandazo kuwekwa, maana tone la mvua likipiga ardhi hurusha tope ukutani. Kama lipu imeficha DPC, ichukulie kuwa iko usawa wa sakafu au chini yake kidogo, kwa hiyo pima sm 20 hadi 25 kutoka sakafuni kwenda chini. Kwako hesabu inakuachia kuongeza sm 5, ukijitahidi sana 10. Hizo 25 zisahau.

Ukitaka tuta lililoinuka, lijengee mgongo wake wenyewe na uache sm 30 kati yake na nyumba, mkono na ufagio vipite. Na ardhi ya hapo iteremke kwenda nje, sm 5 kwa kila mita, angalau mita 2 za kwanza. Tumia kamba na pima maji, jicho hudanganya. Mgongo huo usizibe njia ya maji: acha matundu chini kila mita 1.

Mche_na_Mboji:
Naongezea upande wa mimea. Paa likitoka sm 60, udongo wa chini yake haupati mvua karibu kabisa. Mmea ukinyauka utachukua mpira na kumwagilia ukutani kila jioni, na hapo ndipo unyevu unapoanzia hata kama tuta lilijengwa vizuri. Panda nje ya mstari ambako maji ya paa yanadondokea. Kwako ni kama sm 80 kutoka ukutani, kwa hiyo tuta zima lisogee mbele.

Kipimo cha kila mmea: chukua upana wake ukishakomaa, gawa kwa mbili, ongeza sm 30. Kichaka cha mita 1 kinakaa sm 80 kutoka ukutani. Kikiwa mche kitaonekana kimetupwa mbali, vumilia.

Kitu kingine kinachosahaulika: udongo wa kando ya nyumba umejaa mabaki ya saruji na chokaa. Iksora na gadenia zikipandwa humo, majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mtu anadhani ni njaa ya mbolea. Ni chokaa inayozuia mmea kufyonza madini ya chuma. Chimba sm 40, toa vipande vyote, weka udongo mpya uliochanganywa na mboji. Rozimari haina shida na chokaa wala joto la ukuta.

Kuhusu msingi: mizizi haina nguvu ya kupasua msingi mzima, ila hufuata bomba linalovuja na nyufa zilizopo. Hatari kubwa iko kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Mti mkubwa ukiunyonya maji, udongo unashuka na msingi unashuka nao. Mifikasi na mianzi inayotambaa weka mbali kabisa.

Ua_la_Mbele:
Asanteni. Basi kwenye hiyo nafasi nichimbe mtaro sm 40 nijaze kokoto, maji yazame?

Fundi_Levo:
Yazame yaende wapi? Mtaro usio na njia ya kutokea ni tangi la maji ulilolaza kando ya msingi. Kwenye mfinyanzi yatakaa siku kadhaa. Sawazisha mteremko kwanza kwa udongo ulioshindiliwa, kisha tandaza kokoto juu, unene wa sm 5 hadi 7, hasa pale maji ya paa yanapopiga. Zege nalo linafaa, ila likiachana na ukuta, ziba ufa huo mapema, kwa sababu maji yote ya ukutani yataingilia hapo. Gata ingepunguza nusu ya kazi yote hii.

Kagua_Kwanza:
Hakuna aliyetaja mchwa. Ukanda mtupu chini ya ukuta ndio unaokuonyesha vile vijia vyao vya udongo vikipanda. Ukiufunika kwa tuta au matandazo ya mbao, wanaingia usiwaone. Na kama udongo wa kando ya msingi uliwahi kupigwa dawa ya mchwa, kuuchimba kunakata kizuizi hicho. Ukichimba, pigisha dawa upya kabla ya kufukia.

Mmea unaopanda usiegemezwe ukutani moja kwa moja. Funga waya sm 5 nje ya lipu, panda shina sm 45 kutoka ukutani ukilielekeza kwenye waya. Ile inayojishika yenyewe kwa vijizizi hung'oka na rangi siku unapotaka kuiondoa.