Vumawimbi, Pemba: kwenda na kurudi siku moja kutoka Wete

mpita_njia
Assalaam alaykum. Jumamosi tunataka kwenda ufukwe wa Vumawimbi, watu wanne, gari dogo la kukodi. Itakuwa mwezi 15, yaani mwezi mpevu. Tufike saa ngapi ili tuogelee? Na gari litafika mpaka pwani?

Dago_Kaskazini
Waalaykum salaam. Mwezi 15 ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yatakupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Mkifika saa tatu mtaona miamba na mchanga mtupu. Ni wakati mzuri wa kutembea, si wa kuogelea. Ogeleeni kuanzia saa saba. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu (maji hayajai wala kupwa sana), mambo hugeuka: asubuhi yamejaa, alasiri yamekupwa.

Gari: lami inaishia njiani. Kutoka Konde mnapita ndani ya msitu wa Ngezi, na karibu na pwani njia ni mchanga. Gari dogo lisilovuta magurudumu manne hukwama hapo, kwa kuwa dereva hukanyaga mafuta badala ya kusimama. Likianza kuzama, acha kukanyaga. Chimbueni mchanga mbele ya magurudumu, tandikeni makuti, punguzeni upepo wa matairi kidogo kisha litoeni taratibu. Pampu iwemo garini ya kujazia upepo tena. Msiliteremshe ufukweni kwa kudanganywa na mchanga mgumu wa maji kupwa. Maji ya bamvua hurudi upesi.

bi_mchokoo
Wasio na gari: daladala mpaka Konde, halafu bodaboda. Patana na dereva bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kukufuata, kwa sababu ufukweni hakuna wa kumsimamisha.

Nyongeza: yeboyebo zilizobana mguu, si ndara. Ndara huvutwa na maji, na kwenye miamba kuna wale wanyama wa baharini wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Mwiba ukiingia hukatika ndani ya nyama. Maji ya kunywa lita tatu kila mtu. Duka hakuna, kivuli ni haba. Wavuvi wakiwa na dago (kambi yao ya muda) pale, salimieni kwanza, msiwapige picha bila ruhusa, na mama na dada wawe na kanga ya kujitanda wakitoka majini.

Dago_Kaskazini
Jina lenyewe linasema. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unapiga moja kwa moja upande huo. Palipo shwari katikati ya mawimbi yanayovunjika, maji yakiwa na rangi ya mchanga, ndipo mkondo unapotoka kwenda nje. Watu huchagua hapo hapo kwa kuona pametulia! Ukivutwa usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuache, ndipo urudi.

mpita_njia
Shukrani. Na ufukwe wa Verani tuumalizie jioni, kwa ajili ya machweo?

bi_mchokoo
Inawezekana, uko upande wa pili wa rasi ileile ilipo Vumawimbi na huwa mtulivu zaidi kaskazi ikivuma. Lakini jua likizama saa kumi na mbili na nusu, mtarudi msituni gizani kwenye njia ya mashimo. Kama mnataka kumsikia kihodi, bundi wa Pemba, pangeni na mwongozaji wa Ngezi mapema, mkipita getini asubuhi. Vinginevyo ondokeni saa kumi na moja.