Lancelot na Guinevere: hayo ni mapenzi au ni mateso tu?

Mleta mada:
Wadau mnaofuatilia hadithi za mfalme Arthur, naomba tusemezane. Kila mtu anawasifia hawa wawili, Lancelot shujaa wa Arthur na malkia Guinevere mke wa Arthur, kama mfano wa mapenzi. Nimerudia ile hadithi ya mkokoteni ya mshairi Chrétien de Troyes, Ufaransa karne ya 12, nimechoka. Malkia katekwa, Lancelot hana farasi, mbilikimo anamwambia panda huu mkokoteni wa kubebea wahalifu ndo utajua alipo. Anasita hatua mbili tu, anapanda. Anavuka daraja la upanga mikono na miguu mitupu, damu zinamtoka, kufika malkia hataki hata kumtazama. Kosa lake? Zile hatua mbili! Bora Erec na Enide wa hadithi yake nyingine, mume na mke wanaogombana na kupatana.

Mzee wa Karatasi:
Mkuu kumbuka ile ya mkokoteni Chrétien aliagizwa. Mwanzoni kabisa anasema habari na maana kapewa na Marie wa Champagne, yule binti wa malkia Eleanor wa Aquitaine. Na hakuimaliza, kamalizia Godefroi de Leigni. Mi nahisi haikuwa moyoni mwake. Ukisoma zake nyingine, Yvain kwa mfano, mume anaomba ruhusa ya mwaka mmoja aende kwenye mashindano ya kupigana ya mashujaa, anapitiliza, mke anamfungia mlango. Hayo tunayajua wote majumbani.

Binti Ngano:
Bora Enide?? Erec kanogewa na ndoa, mashindano haendi, wenzake wanamsema. Mke anayasikia, analia. Dawa yake nini, mume anamwambia vaa gauni lako zuri kuliko yote, panda farasi tangulia mbele, na usinisemeshe mpaka nikusemeshe. Majambazi wakitokea mke anamtahadharisha, anagombezwa! Kamuokoa na bado anagombezwa. Huo ndo uhusiano mnaoutaka nyie wanaume?

Kijana wa Camelot:
Dada punguza jazba. Na yeye angekaa kimya tangu mwanzo. Maneno ya mtaani hayaletwi kitandani.

Binti Ngano:
Hayaletwi na nani? Alikuwa analia akijua mume kalala. Jamaa kaamka kambana, mke akajaribu hadi kumwambia ulikuwa unaota, hakukubali mpaka aambiwe. Soma kwanza kaka yangu ndo uje utufundishe kitanda.

Kijana wa Camelot:
Nimesoma. Kulia usiku pembeni ya mume nako ni kusema.

Mleta mada:
Jamani tusitoke nje ya mada, tulikuwa kwa Guinevere.

Msomaji Mkimya:
Guinevere mnamuonea tu. Nendeni kwa Malory, mwandishi Mwingereza, kile kitabu chake alichochapa mchapaji Caxton 1485, vita imeshaanza, Arthur anasema anasikitikia zaidi mashujaa wake aliowapoteza kuliko malkia, maana malkia wengine yeye Arthur anaweza kuwapata. Ndo mume huyo. Na huyo Lancelot mnayemuona mteswa, Elaine wa Astolat, binti aliyempenda, kamwambia nioe, kakataa, akamwambia basi hata niwe hawara wako, kakataa, eti ukipata mume mzuri nitakupa paundi elfu moja kila mwaka. Binti akafa. Pesa anazo, moyo hana.

Mzee wa Karatasi:
Hapo umemuonea, alitaka amdanganye? Ahadi ya paundi elfu kwa zama zile si mchezo.

Msomaji Mkimya:
Alivaa kitambaa alichopewa na Elaine mashindanoni mbele za watu, Guinevere mwenyewe alikasirika. Hakujua binti ataelewaje?

Kijana wa Camelot:
Kwa hiyo kuvaa kitambaa ni posa siku hizi. Alivaa ili asitambulike, maana kabla ya hapo hakuwahi kuvaa cha mwanamke yeyote. Turudi kwa Enide, mwishoni si walipatana? Erec mwenyewe anamwambia nimekujaribu vya kutosha, nimejua unanipenda. Mambo yakaisha, wewe tu ndo bado umenuna.

Binti Ngano:
Amemjaribu yeye kwa lipi? Aliyeacha mashindano nani, aliyesemwa na watu nani? Mwenye deni ni mume, anayefanyishwa mtihani ni mke, halafu mume ndo anasahihisha. Na bado hujanijibu, yale majambazi ungetaka anyamaze?