Beetle 1600 inafanyiwa ovahoo: kompresheni 7.5, 8 au 8.5?

Bandari_Kuu
Salaam wakuu. Injini ni ya Beetle 1600: pistoni mpya za 85.5 mm, kranki ya 69 mm (mwendo wa pistoni), kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya kiwandani, distribyuta (kigawa moto wa plagi) ya 009. Gari litakaa Mombasa, mara kwa mara litapanda Nairobi na abiria wanne na mizigo. Fundi mmoja anataka kompresheni ya 7.5, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe mara 7.5, ili isichemke, mwingine anasema chini ya 8.5 ni kutupa pesa. Nimsikilize nani?

hedi_na_slivu
Usimsikilize yeyote kabla hujapima. Vaa slivu (mitungi ya silinda) bila shimu (ringi nyembamba za kuziinua), zibane kwa nati na vipande vya bomba juu ya stadi, zungusha kranki hadi pistoni ifike juu kabisa. Laza rula ya chuma mdomoni mwa slivu, ingiza fila geji (vibati vya kupimia nafasi) kati ya rula na pistoni. Nafasi hiyo ndiyo deki.

Hedi nayo: funga valvu na plagi, kata plastiki ya duara inayoangaza, itoboe tundu dogo, ipake grisi ukingoni na uikalishe pale slivu inapokalia, si pembeni ya hapo. Jaza mafuta ya taa kwa sirinji mpaka povu lote litoke. Pima vyumba vyote vinne.

Pistoni inasukuma cc 396.2, na kila milimita ya deki ni cc 5.74. Jumlisha chumba na deki, gawanya 396.2 kwa jumla hiyo, ongeza 1. Chumba cha cc 50 na deki ya 1.5 mm kinakupa 7.8, deki ya 1.0 mm, 8.1.

Mzee_wa_Boxer
Huyo wa 7.5 muulize ataifikiaje. Wengi hupachika shimu tu. Kwa chumba cha cc 50 utahitaji deki ya karibu 1.9 mm, na hapo ule mbano wa pembeni unaovuruga mchanganyiko unapotea. Moto unatembea polepole, petroli ya ukingoni inajilipukia yenyewe. Unapata injini yenye kompresheni ndogo, inayogonga na kuchemka! Acha deki kati ya 1.0 na 1.5 mm; ukitaka kushusha, kwangua chumba cha hedi.

kam_284
Na 8.5 haifuatani na kamshafti ya kiwandani. Valvu ya kuingiza inafunga mapema, silinda inabaki na hewa karibu yote, shinikizo linapanda sana kwenye mlima wa gia ya tatu. Ukiweka kamshafti ya Engle W110 ya digrii 284 (muda valvu inakaa wazi), valvu inachelewa kufunga na 8.5 inavumilika. Kwa kam uliyo nayo ishia 8.

Pwani_Garage
Tena usipimie Nairobi. Kule hewa ni nyepesi, injini inasamehe mengi. Iliyotulia Nairobi inaweza kugonga Mombasa kwa petroli ileile, kwa hiyo panga kwa ajili ya pwani.

009 iweke kwa taa ya taimingi (wakati plagi inapowasha), digrii 28 hadi 30 kabla pistoni haijafika juu, ikiwa imefika mwisho wa kwenda mbele, yaani kuanzia mizunguko 3,500. Usitegemee sikio, feni itafunika sauti ya kugonga. Chomoa plagi baada ya mlima: vinukta vidogo vya alumini kwenye kauri vikionekana, rudisha taimingi nyuma upesi. Anza na silinda ya 3. Kwenye injini zenye kipozea mafuta cha zamani, hewa yake inapita kwanza kwenye kifaa hicho.

Bandari_Kuu
Shukrani. Deki bila shimu ni 0.6 mm, vyumba vyote cc 51.

hedi_na_slivu
0.6 ni hatari, pistoni ikipata moto na pini kulegea kidogo inaweza kugusa hedi. Weka shimu ya 0.5 mm chini ya kila slivu: deki 1.1, kompresheni 7.9. Hedi usiikwangue.

Shimu imesogeza hedi nje, basi kagua urefu wa pushirodi (fimbo inayosukuma roka): valvu ikiwa nusu ya safari yake, skrubu ya roka (mkono unaofungua valvu) iwe sambamba na shina la valvu. Nati za hedi kaza kwa hatua, Nm 25 kwa stadi za 8 mm, Nm 31 kwa za 10 mm.

kam_284
Ukishakaza, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuweka plagi. Kitu kikigota, fungua.