Tangu nipewe umeneja naambiwa siku hizi sifanyi kazi. Kazi ya meneja ni ipi hasa?

ShiftiYaUsiku

Habari zenu wakuu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nimefanya kazi ghalani miaka 9, sita kati ya hiyo shifti ya usiku. Kupokea mzigo, kuhesabu, kupanga kwenye rafu, kupakia. Miezi saba iliyopita meneja wetu wa shifti alihamishwa nikapewa nafasi yake. Nina watu 14 chini yangu, na wanne kati yao ndio walionifundisha kazi.

Hawanidharau, niseme ukweli. Ila wiki ya tatu niliingia chumba cha mapumziko, maongezi yakakatika. Mmoja niliyekuwa nabeba naye maboksi kila usiku akaona aibu ya ule ukimya, akatania: "Mpisheni, huyu siku hizi anafanya kazi kwa mdomo." Tukacheka wote. Nimefika nyumbani usingizi hauji.

Hauji kwa sababu naona kasema kweli. Zamani nikitoka asubuhi nilijua nimeshusha malori mawili na rafu ya 7 imejaa. Sasa nikijiuliza nimefanya nini, jibu ni kwamba nimepokea simu, nimembadilishia zamu mtu ambaye mtoto wake anaumwa, nimebishana na ofisi kuhusu toroli bovu, nimesaini. Viatu havina hata vumbi.

Juzi lori lilichelewa, nikavua koti nikaingia kushusha nao. Dakika 40 za raha tupu! Kumbe muda wote huo simu ya ofisini inaita, dereva wa lori la pili anauliza aingilie mlango upi. Alikaa nje saa moja na robo, na wenzangu wakachelewa kutoka kwa sababu yangu mimi niliyekwenda kuwasaidia.

Naomba msinijibu "kuongoza watu". Nilipelekwa semina ya siku mbili nikarudi na karatasi ya mishale na maduara. Nyuma yake naandikia namba za malori.

MbebaMzigo

Nakujibu kama mtu wa chini, usininunie.

Sisi hatuna kinyongo na meneja kwa kuwa habebi. Nani aliwahi kutegemea meneja abebe? Kinachouma ni lugha. Kazi ikienda vizuri, "tumefanikiwa". Ikiharibika, "mmeharibu". Tega sikio siku moja kwenye kikao chochote uhesabu.

Nimepitia mameneja sita. Mmoja alitembea na daftari anaandika nani kaenda chooni na karudi saa ngapi. Tulichofanya ni kwenda chooni wawiliwawili ili aandike zaidi. Mwingine tulikaa naye miaka miwili, na ukiniuliza alifanya nini sina jibu, sikumbuki hotuba yake hata moja. Nakumbuka tu kwamba enzi zake hatukuwahi kusubiri glovu. Alipoondoka, mwezi wa pili tu tukaanza kuazimana, huyu avae ya kulia, huyu ya kushoto. Ndipo tukajua kumbe kulikuwa na mtu.

MzeeWaZamu

Mwanangu ShiftiYaUsiku, mimi nimestaafu, nimesimamia watu miaka 22. Nikuchokoze kwa maneno kidogo, maana watu wanakuita kwa namna wanavyokuona.

Ukiitwa mnyapara, ujue wanamuona mtu aliyewekwa awachunge, na wanangoja ageuke. Ukiitwa bosi, hapo inategemea sauti, wengine hulisema kwa heshima na wengine wanakung'ong'a. Msimamizi ndilo nilipendalo. Limetokana na kusimama, lakini angalia lilivyo na pande mbili: waweza kumsimamia mtu kichwani hata mkono umtetemeke, na waweza kulisimamia jambo lake mpaka lipate mwisho. Kitenzi ni kilekile. Ulipobishana na ofisi juu ya lile toroli, ulikuwa upande wa pili, na watu wako hawakuona kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.

Meneja tumelichukua kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Waitaliano, maneggiare, kumshika na kumzoeza farasi. Shina lake ni mkono, kwa Kilatini. Basi wewe unayelalamika kuwa mikono haina kazi, neno lenyewe linakucheka.

DaftariLaPili

Mzee umenifurahisha. Niongeze upande wa vitabuni, kwa kuwa nimeusomea na nimeufanya, na vitu hivyo viwili havifanani sana.

Ile mishale ya semina naitambua ukoo wake. Henri Fayol, mhandisi wa migodi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma kwa miaka 30, mwaka 1916 aliitaja kazi ya uongozi kwa mambo matano: kupanga ya mbele, kuweka mpangilio wa watu na vifaa, kuamuru, kuratibu, kudhibiti. Tangu hapo kila semina inayapaka rangi mpya. Si ya uongo, lakini yaliandikwa na mkurugenzi, mtu ambaye dereva hampigii simu kuuliza mlango.

Yule wa daftari la chooni naye ana babu yake. Frederick Taylor, Mmarekani, 1911: kila kazi ipimwe kwa saa, kufikiri kubaki kwa meneja na kutenda kubaki kwa mfanyakazi. Alipata tija, na nadhani huko ndiko iliko nusu ya chuki ambayo mameneja wanarithi bila kujua.

Anayekuhusu wewe ni Henry Mintzberg wa Kanada. Aliwafuata wakuu watano wa mashirika, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika wanachokifanya hasa. Matokeo aliyoyatoa 1973 ni kwamba nusu ya shughuli zao hazikufika dakika 9. Simu, mtu mlangoni, barua, mtu tena. Hao ni wakubwa wenye makatibu! Kwa hiyo unachokiita kukatizwa kazi, ndiyo kazi. Usiku ule uliposhusha mzigo uliiacha kazi yako ukaenda kufanya ya zamani kwa sababu inajaza rafu na macho yanaona.

MbebaMzigo

@DaftariLaPili hao wakuu watano wakiulizwa watasema nini kingine? Wangeulizwa walio chini yao.

DaftariLaPili

Hakuwauliza, aliwatazama, tena kwa sababu hiyohiyo unayoisema. Lakini hapo kwa walio chini umenishika. Kipimo cha glovu sikukikuta kitabuni.

MzeeWaZamu

Na mwanangu, kuhusu chumba cha mapumziko, waachie. Gonga kidogo kabla ya kuingia, chukua chako, toka. Hata mimi maongezi yalikatika miaka 22. Wana haki ya kukusengenya, na wewe ulimsengenya aliyekutangulia, au nasema uongo?

ShiftiYaUsiku

Mzee, tulimsengenya mpaka anavyotembea.

Nimerudi kuwapa mrejesho. Usiku wa jana niligeuza ile karatasi ya semina nikaandika kila nilichofanya, hata kidogo. Vitu 31. Kirefu kuliko vyote, dakika 22, kilikuwa lile toroli tena. Kuna simu moja ya dakika mbili iliyozuia lori lisiletwe saa ambayo mlango wa 2 umejaa. Hakuna aliyejua, kwani hakikutokea kitu cha kujua.

Halafu nikamfuata yule aliyenitania, nikamuuliza, "Usiku mzima unasubiri nini?" Nilidhani atataja mshahara. Akasema tepu. Mashine ya tepu iko moja tu, mwisho wa rafu ya 12, na kila anayefunga boksi anakwenda na kurudi. Nilipita na hiyo njia miaka 9 bila kuona ni njia. Nikahesabu hatua: 140 kwenda na kurudi. Anakwenda kama mara 30 kwa usiku, fanyeni hesabu wenyewe.

Nimeomba mashine mbili zaidi. Ofisi wakasema kuna fomu. Nimejaza. Wakasema isainiwe na idara nyingine. Leo ni siku ya nne naifuata hiyo saini, na jamaa ananiuliza kila akinipita: "Bosi, tepu?"

MbebaMzigo

Amekuita bosi kwa sauti gani?

ShiftiYaUsiku

Bado sijaijua. Naijua nikipata tepu.