Naomba ushauri: skana (redio ya kusikilizia mawasiliano ya zimamoto na wengine) inakatakata kwenye mfumo wa tranki (watumiaji wengi wanagawana masafa machache)

Wakuu habari zenu, niko huku Minneapolis, nina skana ya Uniden BCD436HP nasikilizia nyumbani ule mfumo wa redio wa jimbo la Minnesota, ARMER, P25 (redio ya kidijitali) ya 800 MHz. Sasa vijiti vya mawimbi vimejaa kabisa lakini maongezi yanakatika, zimamoto anaanza kutaja mtaa halafu sauti inakuwa kama roboti anasukutua maji, basi imeisha hiyo. Najua mjini minara mingi inarusha kitu kilekile kwa pamoja, mawimbi yanafika yakipishana na skana inachanganyikiwa. Nimewasha atenyueta (inapunguza nguvu ya mawimbi), nimeweka antena fupi, threshodi ya P25 (kiwango ambacho skana inatumia kusoma ishara ya kidijitali) nimetoa oto nikajaribu 8 mpaka 6, afadhali kidogo tu. Nikiisogeza karibu na friji inashika vizuri, sijui kwanini 😂 Je niiache skana kwenye saiti (kundi la minara) moja tu nizime zingine, au ndo nijikaze ninunue SDS100, ile skana mpya zaidi ya Uniden?